Masaa 11 ya usukani: Iowa hadi Sacramento kwa barabara ya I-80

JUMATATU. Iowa hadi Sidney, Nebraska

Miadi ya kupakia ilikuwa saa 2 asubuhi. Nikafika mapema kidogo, nikatoa namba ya mzigo dirishani, nikaambiwa nirudishe tela mlango wa 14 nisubiri taa iwe ya kijani. Taa ikawa ya kijani saa 7:30 mchana.

Hesabu ya safari yote imeanzia hapo mlangoni, kwa hiyo niieleze mapema kwa wasioijua kazi hii. Dereva wa lori linalovuka majimbo ya Marekani anabanwa na masharti ya serikali kuu, yanayosimamiwa na FMCSA, mamlaka ya usalama wa malori iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Ukishapumzika masaa 10 mfululizo, unapewa masaa 11 ya kuendesha, na lazima uyamalize kabla hayajapita masaa 14 tangu uingie kazini. Ukiendesha masaa 8, toka kwenye usukani kwa nusu saa. Na katika siku 8 usizidi masaa 70 ya kazi ya aina yoyote; ukiyamaliza, ama usubiri siku za nyuma zidondoke, ama ulale masaa 34 mfululizo uanze upya.

Kinachouma ni yale 14, kwa sababu hayasimami. Unakula, yanakwenda. Unaoga, yanakwenda. Umekaa mlangoni kwa ghala la mtu ukingoja watu wa foklifti warudi kutoka kunywa kahawa, yanakwenda. Wakongwe wa kazi hii wanakumbuka kwamba kabla ya 2004 hesabu ilikuwa masaa 10 ya kuendesha na 15 ya kazi, na ukipumzika katikati saa zako zinakungoja. Kanuni mpya ikaongeza saa moja ya usukani, ikachukua ile ruhusa ya kusimama.

Kwa sisi wenye kitanda nyuma ya kiti, njia ya kuyasimamisha ni hicho kitanda. Tangu Septemba 2020 unaweza kuyagawa mapumziko yako vipande viwili: kimoja kisipungue masaa 7, na hicho lazima uwe kitandani, kingine kisipungue masaa 2, jumla ifike 10. Ukikamilisha vyote viwili, hakuna kinachokatwa kwenye 14. Basi saa 2:30, nilipoona hakuna dalili ya foklifti, nikabonyeza “kitandani” kwenye kishikwambi kinachorekodi saa zangu, nikapanda juu ya godoro nikiwa nimevaa viatu.

Usingizi wa saa 2:30 asubuhi, kwa mtu aliyeamka nyumbani kwake saa 11 alfajiri baada ya kulala vizuri, hauji. Nikapiga simu Mbeya, kule ilikuwa jioni. Nikasikiliza foklifti zikiingia kwenye tela la jirani na gari zima la jirani likitikisika. Kwa macho ya serikali, masaa yote matano nilikuwa napumzika.

Shehena ni nyama ya nguruwe iliyogandishwa, imejaa mpaka nyuma. Gari zima, kichwa, tela na mzigo, likagusa karibu pauni 80,000, ambayo ndiyo mwisho wa uzito bila kibali, kama tani 36. Nikapokea hati, nikapiga sili mlango, nikatoka saa 8 mchana.

Nebraska ina maili 455 za barabara hii na nyingi zimenyooka tu. Sina la kuziandikia, ila lile tao la Kearney linalopita juu ya barabara, ambalo giza lilikuwa limeshaingia nilipolifikia.

Kasheshe ilianza North Platte. Kuanzia saa 2 usiku vituo vya malori vya I-80 vinajaa, na hii inatokana na saa zenyewe: karibu wote tulianza asubuhi, kwa hiyo karibu wote tunaisha jioni. North Platte pamejaa. Ogallala pamejaa, malori yamepangana mpaka kwenye njia ya kutokea barabara kuu, taa za pembeni zinawaka. Kishikwambi kina miduara minne, kila mmoja na saa zake zinazopungua: kuendesha, siku ya kazi, mapumziko, na yale 70. Unaendesha jicho moja liko barabarani, jingine kwenye miduara. Bila yale masaa matano ya kitandani, siku yangu ingekwisha saa 3 usiku, katikati ya mashamba.

Mwaka 2009 dereva mmoja, Jason Rivenburg, aliwahi mno kufika kwenye mzigo wake South Carolina, mpokeaji hajafungua, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa ili alale. Akapigwa risasi na kuporwa dola chache. Mjane wake alipigania sheria ya maegesho mpaka ikapita mwaka 2012, inaitwa kwa jina la mumewe. Sasa angalia: sheria hiyohiyo kubwa ya uchukuzi ya 2012, iliyobeba sehemu ya Jason, ndiyo iliyobeba pia amri ya kufunga ELD, kifaa cha kurekodi saa, katika malori. ELD ilianza kudaiwa Desemba 2017, na kufikia Desemba 2019 hakuna aliyebaki na visingizio. Kifaa kiko kwenye kila dashibodi ninayoijua. Maegesho tunayatafuta mpaka leo.

Nimepata nafasi Sidney, saa 5:15 usiku kwa saa za Iowa, pembeni kabisa, karibu na pipa la taka. Nasema saa za Iowa kwa sababu ELD inafuata saa za makao ya kampuni hata ukifika wapi. Hapa ilikuwa saa 4:15.

JUMANNE. Sidney hadi Rawlins, Wyoming

Masaa 10 yalitimia saa 3:15 asubuhi. Nikakagua matairi, taa na joto la friji, nikaondoka. Saa 5 nilikuwa Cheyenne, na nikaishia hapo.

Upepo. Kati ya Laramie na Rawlins kuna sehemu ya Elk Mountain ambayo wakati wa baridi inaangusha matela kila wiki. Wyoming wana mageti kama ya reli kwenye barabara kuu. Hali ikichafuka wanayashusha, taa zinamulika, umeshakwama. Wakifunga huko mbele, wanafunga na huku nyuma ili Laramie pasifurike malori. Pale Cheyenne nilipata nafasi kwa sababu tu nilifika asubuhi.

Dispacha wetu, anayetupangia mizigo, ni binti wa Nakuru, Kenya, mchapakazi, na sauti yake ya upole inatisha kuliko ya mtu anayefoka.

“Kaka, wakifungua jioni si utumie zile saa mbili za hali mbaya?”

“Dada, zile ni za jambo la kushtukiza. Huu upepo ulitangazwa tangu jana.”

“Lakini hiyo barabara imefungwa, kila mtu anaona.”

“Kila mtu alijua pia. Ndiyo shida yenyewe.”

Kanuni inaruhusu kuongeza mpaka masaa 2 ukikutana na theluji, ukungu au ajali ambayo hukuijua na usingeweza kuijua wakati unaanza siku. Ukiwa umesoma utabiri ukaondoka hivyohivyo, huna haki nayo. Sikumlaumu. Yeye anabanwa na wakala wa mzigo, wakala anabanwa na duka, na wote hao hawana ELD kiunoni. Kuna kanuni tangu Januari 2016 inayomkataza mwenye kampuni, wakala au mwenye mzigo kumlazimisha dereva avunje masharti haya. Ni nzuri. Ila yeye hakunilazimisha, aliuliza tu kwa upole, na kuuliza hakuna adhabu.

Nikaingia kitandani saa 5 asubuhi. Barabara ikafunguliwa saa 12 jioni za Iowa: masaa 7 kamili, kipande kirefu cha mgawanyo kimetimia bila mimi kupanga. Kwa hesabu ya kifaa nilikuwa nimeendesha chini ya masaa 2 tangu asubuhi na nimelala 7. Duara la kuendesha lilikuwa la kijani kibichi, masaa 9 na ushee yako mezani. Ningeweza kuendesha usiku kucha hadi Utah, na hakuna askari angenigusa.

Mwili ulikuwa na maelezo mengine. Katika yale masaa 7 nilisinzia labda mara moja, mchana kweupe, injini za malori mia zinanguruma, upepo unapiga ubavu wa kabini kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kilichobaki nilipika ugali kwenye sufuria la umeme na kuangalia video za mpira.

Nilipokuwa utingo njia ya Dar mpaka Tunduma, kabla sijapata leseni, hakukuwa na duara lolote. Kulikuwa na bosi kwenye simu na swali moja: mmefika wapi? Dereva wangu alitafuna mirungi kutoka Mikumi mpaka Makambako na nikimwona macho yamekaza namwongelesha. Dada yetu huyu ananiambia kwao sheria ya trafiki tangu 2012 inamzuia dereva wa gari la biashara kuzidi masaa 8 ya usukani kwa siku. Nikamuuliza nani anahesabu. Akacheka.

Kwa hiyo sitaki kusikia mtu anasema kifaa kiondolewe turudi kwenye karatasi. Kwenye karatasi mtu alikuwa na madaftari mawili, la askari na la bosi. Ila kifaa kinapima gari. Kinajua tairi zimezunguka au hazijazunguka. Kuna kifungu kifupi kwenye kanuni hizohizo, 392.3, kinachosema usiendeshe ukiwa mgonjwa au umechoka kiasi cha kuharibu umakini, hata kama saa zako zimejaa. Hicho hakina duara. Unakibeba mwenyewe.

Tukapanda msururu. Kileleni Sherman, futi 8,640, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote za I-80, sanamu ya kichwa cha Abraham Lincoln inaangalia barabara kutoka gizani. Barafu ilikuwa nyembamba na nyeusi, tunakwenda maili 35, wengine 30. Baada ya Laramie upepo ulikuwa bado unasukuma. Tela mbili ziko ubavuni kwenye majani, taa za polisi zinazunguka. Nikashika usukani kwa mikono miwili mpaka Rawlins.

Saa 4 usiku nikazima injini Rawlins na masaa 5 na robo ya kuendesha mkononi. Nikamwandikia dada: “Nalala hapa. 392.3.” Akajibu kwa kidole gumba. Najua kesho atalazimika kumpigia mpokeaji simu asiyoipenda.

JUMATANO. Rawlins hadi Elko, Nevada

Nimelala usingizi wa kweli. Nikaanza saa 2 asubuhi za Iowa, huku saa 1, jua linachomoza nyuma yangu na upepo umekufa kabisa.

Kwenye mizani ya Utah nikaitwa pembeni. Askari mwanamama, mpole, hakukagua gari, ila dereva na karatasi zake tu. Leseni, cheti cha daktari, saa. Unabonyeza kitufe, kumbukumbu zako za leo na siku 7 za nyuma zinakwenda kwenye kompyuta yake kupitia mtandao. Pia akataka kuona karatasi ya maelekezo ya kifaa na zile fomu tupu za kuchora saa kwa mkono, za kutosha siku 8, endapo kifaa kitaharibika. Wengi wanakamatwa na hizo fomu. Zangu ziko kwenye bahasha nyuma ya kiti tangu nilipoajiriwa na zimeshaota rangi ya chai.

Akasimama kwenye Jumatatu. Masaa 5 kitandani mchana, halafu kuendesha mpaka saa 5:15 usiku. Akaniuliza niyaelezee. Nikamweleza mgawanyo, kipande na kipande, kwa Kiingereza changu cha Mbeya. Hilo nalo si dogo siku hizi: tangu Juni 2025 dereva asiyejimudu kwa Kiingereza mbele ya askari anasimamishwa palepale, na kwenye makundi yetu ya WhatsApp watu wamekuwa wakifanyiana mitihani ya majina ya alama za barabarani. Akatikisa kichwa kukubali, akaniandikia ukaguzi safi. Angekuta nimezidi, ningeegeshwa hapo masaa 10 na doa likaingia kwenye rekodi ya kampuni.

Nikashuka korongo la Parleys kwa gia ya chini mpaka Salt Lake City, foleni, halafu jangwa la chumvi. Hapa ndipo pa kuogopa, si Wyoming. Wyoming inakutisha, unaamka. Bonneville ni tambarare nyeupe, barabara imenyooka, upande wa kulia kile kiwanja magari ya mbio yanapojaribia rekodi za kasi, na hakuna kona hata moja ya kukushughulisha. Nikachukua nusu saa yangu kituo cha mapumziko, nikatembea juu ya chumvi na kandambili. Inavunjika chini ya mguu kama ukoko wa wali.

Nimesimama Elko, saa 11 jioni za hapa, saa 1 usiku za Iowa, nikiwa nimebakiwa na saa moja na nusu. Battle Mountain ningefika, Winnemucca nisingefika. Kijana mmoja wa Lubumbashi tuliyekutana kwenye foleni ya bafu akanishangaa kuacha saa moja na nusu ziharibike. “Kaka, ile ni maili mia unaachia bure!” Ni kweli, na tunalipwa kwa maili. Niliona nafasi, nikaichukua.

Na hapo kwenye malipo ndipo pana fundo ambalo madereva wengi wapya hawalijui. Kanuni za kwanza za masaa ya kazi ya malori zilianza kutumika 1938, chini ya sheria ya magari ya biashara ya 1935. Mwaka huohuo 1938 Bunge likapitisha sheria ya kazi iliyowapa wafanyakazi wa Marekani malipo ya ziada baada ya saa za kawaida za wiki. Sisi tukaachwa nje, kwa hoja kwamba masaa yetu yanasimamiwa na kwingine. Kwa hiyo serikali kuu inanihesabia masaa 70, na haimlazimishi mtu kunilipa zaidi hata kwa saa ya sabini. Masaa matano ya mlango wa 14? Kwa kawaida ya biashara, mbili za kwanza ni bure. Za baadaye kampuni inadai kwa mwenye mzigo, wakati mwingine inapata. Ghala halina kanuni ya 14. Ghala likinichelewesha, anayevunja sheria ni mimi.

ALHAMISI. Elko hadi Sacramento, California

Ukilala saa 11 jioni, masaa 10 yako yanaisha saa 9 usiku. Nimeondoka saa 9:15, kafeini mkononi, Nevada yote giza. Reno kumekucha.

Kwenye njia ya mlimani ya Donner kulikuwa na theluji pembeni lakini lami nyeusi, cheni za matairi hazikuhitajika. Kwa anayeijua Kitonga: mteremko wa Donner ni mrefu zaidi, ila ni mpana, una sehemu za kuegesha gari breki zikipata moto, na hakuna basi linalokupita kwenye kona. Nikateremka polepole kwa breki ya injini, mguu haukugusa kanyagio zaidi ya mara chache.

Kwa mpokeaji nimefika kabla ya saa 6 mchana, siku moja baada ya miadi ya awali, ile iliyokufa na upepo wa Wyoming. Kwa hiyo sina miadi. Wakachukua funguo, wakasema nikakae chumba cha madereva. Viti vya plastiki, mashine ya soda, televisheni haina sauti. Hakuna ruhusa ya kukaa ndani ya gari likiwa mlangoni. Nikajiandikisha niko nje ya kazi, maana kampuni imeniachia na hakuna ninachowajibika nacho. Tulikuwa tumejaa, wengi vichwa vimelala nyuma ukutani na midomo wazi.

Wamemaliza saa 12 jioni. Karibu masaa 6 kwenye kiti, na kwa hesabu hicho ni kipande halali cha mapumziko. Nimeendesha nusu saa kufika kituo cha malori, nikaegesha saa 1:15 usiku. Simu ikaita nikiwa bado sijafunga pazia.

“Kaka, kuna lozi Modesto, zinaenda Omaha. Zinalipa vizuri. Kupakia saa 12 asubuhi.”

Modesto ni maili 75 au zaidi kidogo. Masaa 10 yangu yanaisha saa 11:15 alfajiri, sifiki.

“Lakini ukitumia kile kiti cha leo na masaa 7 ya kitanda, saa 8:15 usiku unaweza kutoka. Nimepiga hesabu. Una masaa 10 na nusu ya kuendesha.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi mpaka dakika. Nimeirudia mwenyewe kwenye karatasi. Niliamka kabla ya saa 9 usiku, nikaendesha karibu masaa 8, nikakaa kwenye plastiki masaa 6, na kwa sheria ya nchi nikilala sasa hivi hadi saa 8 usiku mimi ni dereva aliyepumzika mwenye karibu siku nzima ya kazi mbele yake.

“Waombe saa 4 asubuhi,” nikamwambia. “Saa 4 nitakuwepo mlangoni.”

“Niwaulize.”

IJUMAA. Sacramento

Nimeamka saa 12:30, ujumbe uko kwenye simu tangu saa 3 usiku. Lozi amepewa mwingine, mwenye lori lililokuwa Stockton. Wangu ni Jumamosi, juisi ya nyanya, kwenda Denver, kupakia saa 5 asubuhi. Yale 70 yana nafasi ya kutosha. Leo hakuna maili, kwa hiyo hakuna mshahara. Nimeweka nguo kwenye mashine, na nimeshamuuliza dada kama hao wa nyanya wanaruhusu kubaki ndani ya gari wakati wa kupakia.